Jina la Kupunguza Mwendo

Kuruthumu alikuwa amefika jina la mia moja themanini na tatu jenereta ilipokohoa. Akabonyeza haraka kitufe cha kuhifadhi, akashika ukingo wa meza, akasubiri. Jenereta ikakohoa tena, kisha ikatulia. Umeme haukukatika. Akavuta fomu nyingine.

Kazi yake ilikuwa kuyatoa majina kwenye fomu na kuyaingiza kwenye kompyuta: jina, umri, alikotoka, kambi aliyopelekwa. Majina mia nne kwa siku, kabla ya saa kumi, saa ya kuzima jenereta. Mwaka huo wa tisini na saba watu walikuwa wanavuka ziwa kutoka Kongo kila uchao, na shirika la kuhudumia wakimbizi lilikuwa limepanga nyumba karibu na bandari ya Kigoma, likaweka mabati ya kuikinga foleni na jua, na kompyuta mpya mbili. Kuruthumu alitoka Ujiji kwa miguu kila asubuhi, maana tangu mashirika yaje kila kitu kilikuwa kimepanda. Vyumba vya kupanga mtaa wa Katubuka vilipanda, sukari ilipanda, hata dagaa, ambao ziwa halijawahi kutunyima, walikuwa wanapimwa kwa kikombe kidogo kuliko cha mwaka jana. Mshahara wake tu ndio ulikuwa haujasikia habari hizo.

"Samahani, mama."

Dirishani alisimama mwanamke mwenye kifurushi kichwani na karatasi ya njano mkononi. Kuruthumu aliijua karatasi ile kwa rangi. Ilikuwa fomu ya kutafuta ndugu.

"Miye Marcelina. Natafuta mutoto wangu, Feza Alimasi. Ana myaka kenda. Tulivuka usiku na mitumbwi mbili, yeye alikuwa na shangazi yake. Ule mtumbwi yao sijauona tena."

"Fomu umejaza, mama. Wamekwambiaje?"

"Wiki sita. Lakini lori yangu ya Lugufu inaondoka leo saa nane."

Kuruthumu aliacha kuandika. Kambi zilikuwa mbili kwa watu wa Kongo, Lugufu na Nyarugusu, na mtu akishaingia kambini hatoki bila kibali. Kibali nacho kinataka fomu, na fomu inataka wiki zake. Lakini kabla ya kupanda lori mambo yalikuwa mepesi. Mtu akijua ndugu yake yuko Nyarugusu, Bwana Oswald, mkuu wa ofisi, anasaini mara moja tu, na mtu huyo anasubiri lori la Nyarugusu la keshokutwa. Shida ilikuwa kujua. Fomu za njano zilipelekwa Dar es Salaam kupigwa mhuri, ndipo zirudi, ingawa majina yenyewe yalikuwa humu humu ndani, kwenye mashine iliyokuwa inampasha Kuruthumu joto magotini. Makarani hawakuruhusiwa kuyatafuta. "Wa kuingiza aingize, wa kutafuta atafute," Bwana Oswald alizoea kusema. Wa kutafuta alikuwa hajaajiriwa bado.

"Subiri hapo kwenye mabati, mama," Kuruthumu alisema. "Usiende mbali."

Saa saba kamili Bwana Oswald aliondoka na gari kwenda Bangwe kula samaki. Meshack, karani wa pili, kijana wa Kasulu mwenye maneno mengi, alifunga mlango kwa komeo na kutoa diski kwenye soksi.

Ulikuwa mchezo wa lori. Lori dogo jekundu linapita barabarani likikwepa mashimo, basi. Waliouunda waliuundia kompyuta za zamani, zile nzito, na kwenye mashine hii mpya lori lilikuwa linafyatuka. Hujagusa kitufe, limeshatumbukia. Dawa aliigundua Meshack. Ukiiambia kompyuta itafute jina kwenye orodha ya wakimbizi, inaelemewa, na lori linatembea mwendo wa lori. Lakini jina likipatikana mashine inapumua, na lori linafyatuka tena. Kwa hiyo walijifunza kuandika majina ya watu wasioweza kuwemo. Meshack alipenda kuandika jina la babu yake, aliyezikwa kabla ya uhuru. Mashine ilimtafuta mzee wa watu muda mrefu, nao wakacheza kwa raha.

Kuruthumu alikuwa amecheza pia, tena alikuwa hodari. Leo alimwangalia Meshack akianza kuandika jina la babu, akaona aibu.

"Ngoja. Jina la leo nachagua mimi."

"La nani?"

"Kuna mama nje anatafuta mtoto."

Meshack akamgeukia. "Kuru, acha hizo. Likipatikana, je? Jana nimeishia pointi elfu tisa."

"Likipatikana utatumbukia. Utakufa?"

Aliandika mwenyewe: FEZA ALIMASI. Lori likaanza safari yake pole pole. Meshack alicheza kimya, ulimi nje, akiomba moyoni jina lisionekane. Kuruthumu alisimama nyuma yake akiomba lori lifyatuke. Hawakuwahi kuutazama mchezo mmoja kwa nia mbili namna ile. Dakika kumi. Ishirini. Pointi elfu sita, elfu nane. Dakika thelathini na tano zilipopita, Kuruthumu alianza kukata tamaa, akafikiria maneno ya kwenda kumwambia yule mama.

Ndipo lori likafyatuka. Liliruka mashimo mawili na kuzama la tatu kabla Meshack hajainua kidole.

"Aisee," Meshack alisema, wala hakutaja pointi.

Feza Alimasi. Miaka 9. Wa kike. Nyarugusu. Na chini kabisa, mahali pa karani aliyeingiza, herufi mbili: K.S. Kuruthumu Swaibu. Wiki tatu zilizopita jina hilo lilikuwa limepita kwenye vidole vyake, moja kati ya mia nne, akavuta fomu nyingine. Machozi yalimtoka. Hakuyafuta.

Alipofungua mlango alikutana na Bwana Oswald uso kwa uso, kijiti cha meno mdomoni.

"Shikamoo, bosi. Kuna mama wa lori la Lugufu, mtoto wake yuko Nyarugusu. Naomba umsainie abadilishiwe."

"Umejuaje?"

"Nimetafuta kwenye kompyuta."

"Kwa ruhusa ya nani?" Alikuwa ameshaingia, na macho yake yakaangukia kwenye kioo cha kompyuta, kwenye lori jekundu lililolala shimoni. "Na hiki ni nini?"

Meshack akaiondoa mikono yake kwenye vitufe.

"Tulikuwa tunacheza," Kuruthumu alisema. "Niandikie barua, nitaisaini. Ila mama wa watu msainie kwanza. Zimebaki dakika kumi."

"Watu wana matatizo, ninyi mnacheza." Hilo lilimchoma, maana halikuwa uongo. "Siwezi kutia saini jambo lililopatikana mchezoni. Ataniuliza mkaguzi, nitamjibu nini? Fomu yake si ameijaza? Aende Lugufu, ajibiwe hukohuko."

"Jibu tunalo, bosi."

"Jibu ni lile lenye mhuri."

Kuruthumu alitoka bila kuaga. Aliandika nyuma ya karatasi ya njano: Nyarugusu, namba ya Feza, tarehe. Marcelina hakujua kusoma, akamsomea.

"Ni muzima?"

"Aliandikishwa wiki tatu zilizopita. Ni mzima."

Marcelina alikaa chini palepale mavumbini, akacheka, akalia, akamshika Kuruthumu miguu. Kisha lori likapiga honi. Askari alisoma jina lake kwenye orodha ya Lugufu, akalisoma tena kwa ukali. Kadi yake ya chakula ilikuwa ya Lugufu. Alipanda, karatasi ikiwa imefungwa kwenye pindo la kitenge, akapelekwa kambi ambayo alijua kabisa mwanawe hayupo.

Saa tisa barua ya onyo ilikuwa mezani: kucheza michezo kazini. Juu ya fomu za wiki sita haikusema neno. Kuruthumu alisaini. Bwana Oswald aliufuta mchezo kwa mkono wake, akaivunja diski vipande viwili, akampeleka Meshack ofisini kwake kumhoji.

Kuruthumu alibaki peke yake na mashine. Dirishani alisimama mzee mwenye karatasi ya njano, akimtafuta mdogo wake, Martini. Kuruthumu aliangalia mlango, akaandika jina, akatazama saa ya ukutani na kukaa tayari kwa kungoja.

Jibu lilikuja baada ya dakika nne.

Alidhani amekosea. Akaandika upya, akahesabu. Dakika nne. Lori jekundu lilikuwa linakula nguvu za mashine muda wote ule, nao wakiamini kwamba jina ndilo linaloielemea. Leo mchana, bila mchezo, angejua saa saba na dakika nne, na angekuwa na karibu saa nzima ya kumfuata Bwana Oswald Bangwe na kumsimamia juu ya sahani yake. Kilimuuma hicho kuliko barua. Na wiki sita zile, zilikuwa wiki sita za nini?

"Mdogo wako yuko Lugufu, mzee. Waambie wanaoandika orodha ya lori la kesho kabla hawajakuandika kwingine."

Ilibaki nusu saa jenereta izimwe, na majina mia moja na kumi ya siku yalikuwa hayajaingizwa. Aliyasukuma pembeni, akafungua dirisha lote.

"Anayefuata. Unamtafuta nani?"