Nyamai Aambiwa Alete Mzazi

Nyamai alikuwa mzee wa kanisa kabla kanisa halijaandika katiba mpya. Katiba ilipokuja, ikasema kila mzee lazima awe na cheti cha kidato cha nne, na yeye masomo aliyaachia kidato cha pili huko Kitui, akaja Nairobi kupiga randa. Jumapili moja akaombwa kwa upole ahame benchi la mbele mpaka atakapoelimika. Mtu wa miaka hamsini kasoro, ana mjukuu, karakana yake ya mtaa wa Kianda inajulikana mpaka mtaa wa Olympic. Akahama. Wiki hiyo hiyo akaenda Kawangware kujiandikisha kwenye masomo ya watu wazima.

Kituo kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya bucha. Mkuu wake, Mwalimu Kiarie, alikuwa rika la Mbithi, kifungua mimba wa Nyamai. Kiarie alikuwa amesomea shule ya bweni, na hakuwa amewahi kusikia kwamba shule inaweza kuendeshwa namna nyingine. Kengele ililia. Simu ziliwekwa kwenye karai. Mama mmoja muuza samaki aliambiwa angoje kipindi kiishe ndipo aende hospitali kumwona bintiye aliyekuwa akijifungua.

Alasiri moja, Kiarie akieleza jinsi vyama vya siasa vilivyoanza, Nyamai alisinzia. Alikuwa ameamka alfajiri kumalizia kabati la mteja. Kusinzia kungesamehewa, lakini alikoroma, na mkoromo wa Nyamai ulitikisa kalamu mezani. Mwenye bucha alipanda ngazi kuuliza ni nani anayepasua mbao huku juu.

"Nyamai, kesho uje na mzazi," Kiarie akasema.

"Mwalimu, wazazi wangu tulishawazika."

"Pole. Basi uje na mlezi."

"Nije na mke wangu?"

"Mke si mlezi. Nataka mtu unayemwogopa."

Nyumbani, moyo ulimuuma Kalekye mkewe kwa kuhesabiwa katika watu wasioogopwa. Kisha akasema, "Basi ni mama peke yake."

Mamake Kalekye aliitwa Ndululu, akikaa mtaa wa Nyayo Highrise kwa binti yake mwingine. Sasa, kwa Wakamba wenye kushika heshima, mwanamume na mama mkwe hawakai chumba kimoja wakatazamana, sembuse kusomeana mashtaka. Tangu amwoe Kalekye, Nyamai alikuwa amemwona mama huyo ubavuni tu, akipita. Ombi likapelekwa na Kalekye. Jibu likarudi kwamba anakuja, na huyo mwalimu ajiandae.

Wakaenda kwa boda boda mbili. Ya Nyamai ilizunguka njia ndefu, kwa heshima.

Ofisini Ndululu alipewa kiti. Nyamai akabaki nje, ameupa mlango mgongo.

"Ingia," Kiarie akamwambia.

"Siwezi, mwalimu. Mama yuko ndani."

"Si nimemwita ndiyo awe ndani?"

"Ndiyo maana mimi niko nje."

Kiarie akamgeukia Ndululu. "Mama, hebu mwambie aingie."

"Mimi simwambii kitu, huyo ni mkwe wangu," Ndululu akasema. "Mwambie wewe. Kwanza muulize kama ni kweli alikoroma."

Kiarie akaenda mlangoni. "Anauliza kama ni kweli ulikoroma."

"Mwambie ni kweli, na naomba msamaha."

Kiarie akarudi. "Anasema ni kweli, na—"

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Muulize kama anakoroma hivyo hata nyumbani."

Miaka yote ya ndoa Nyamai alikuwa ameomba jambo hilo lisimfikie mama mkwe. "Mwambie," akasema kwa sauti ndogo, "ni hivyo hivyo hata nyumbani."

Ndululu akaweka mkoba mapajani. "Mwalimu," akasema, "binti yangu amelala kando ya huo mkoromo tangu wewe hujazaliwa, na hajawahi kuniletea kesi. Wewe umekaa nao muhula mmoja, umeita ukoo. Ni nani hapa hajui kuvumilia?"

Kiarie akainuka kuupeleka ujumbe mlangoni, kwa mazoea, kisha akatambua kwamba ulikuwa wake.

Hata hivyo adhabu ilikuwa imeshaandikwa, nayo ni kufyeka nyasi. Ghorofa ya pili haina nyasi. Wakatafuta, wakapata majani machache yaliyoota kwenye ufa wa ngazi, Nyamai akapewa fyekeo refu, akaanza. Ndululu alipokuwa akishuka, Nyamai aligeukia ukuta upesi. Mama huyo akasimama.

"Wewe ukuta," akasema, "mwambie Baba Mbithi asome."

Akaendelea kushuka. Nyamai alibaki ameshika fyekeo. Ilikuwa mara ya kwanza mama mkwe kumpa neno, ingawa kisheria lilikuwa la ukuta.

Akasoma. Alisoma akipiga randa, alisoma akingoja gundi ikauke. Novemba akafanya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, na matokeo yalipotoka alikuwa amepata D ya kujumlisha. Kamati ya kanisa ikakaa mchana kutwa kuijadili D hiyo. Katiba ilidai cheti, haikusema cha alama gani. Nyamai akarudishwa benchi la mbele kwa makofi.

Kikao chake cha kwanza kilijadili rangi ya lango, kahawia au kijani kibichi. Wazee wakabishana mpaka chai ikapoa. Nyamai aliwatazama, akajikuta akiwaza kwamba saa hiyo Kawangware watakuwa wamefika kwenye somo la uhuru, na muuza samaki lazima amebisha jambo.

Jumanne akapanda ngazi zile, akaketi. Kiarie akamtazama.

"Nyamai, wewe si ulimaliza?"

"Nilimaliza, mwalimu. Lakini hapa katikati nililala."

Kiarie akamsogezea karai aweke simu.