Mabwawa ya Skelbeck

Thora Beckwith alisomewa alama zake akiwa amesimama, maana Profesa Julian Mortlake hakumwambia akae.

"Mbili," alisema Mortlake, macho kwenye karatasi. "Mbili tena. Na hii ya mabwawa, moja."

Ilikuwa imebaki miezi minane serikali ipime ubora wa utafiti katika vyuo vyote vya Uingereza, na chuo kizima kilikuwa na homa. Kila makala ya mwalimu ilipimwa kwanza ndani kwa ndani, kuanzia nyota moja hadi nne, ili chuo kijue kipeleke ipi na kifiche ipi. Katika idara ya jiografia kazi hiyo aliisimamia Mortlake, mwanamume mrefu mwenye sauti laini. Hakupatana na Thora tangu siku Thora alipomsahihisha hesabu zake mbele ya wageni, miaka tisa iliyopita.

"Nani kazisoma?"

"Wasomaji wawili. Majina ni siri."

"Mmoja ni wewe."

"Nimesema ni siri, Thora." Akamsukumia barua. "Kitivo kinapendekeza uhamie mkataba wa kufundisha tu. Mwenye mkataba huo hahesabiwi, kwa hiyo hatatushusha. Utapumzika, mama. Una miaka hamsini na mbili, unapanda milima kwenye mvua kama mbuzi, ya nini?"

"Na nikikataa?"

"Basi itabidi tuangalie kama idara bado inakuhitaji."

Thora aliichukua barua, akaikunja mara nne, akatoka bila kuaga.

Siku mbili baadaye, Odette wa ofisi ya utafiti alimwandikia akiomba picha za mabwawa. Mbali na makala, kila idara ilitakiwa kupeleka ripoti ya kuonyesha jinsi utafiti wake ulivyowafaa watu wa nje, na idara yao ilikuwa imechagua Skelbeck. Thora aliifungua rasimu. Mji wa Skelbeck, uliozama kwa mafuriko Krismasi mbili mfululizo, umeokolewa na vibwawa vya magogo na mawe vilivyojengwa kwenye makorongo ya mlimani, chini ya uongozi wa Profesa Mortlake. Akatafuta jina lake. Lilikuwa ukurasa wa nne, kwenye orodha ya wasaidizi, na walikuwa wameliandika Beckworth.

Alimkuta Mortlake kwenye chumba cha chai, amezungukwa na wenzao.

"Julian, umewahi kufika Skelbeck?"

"Sijafika mwezini pia, na najua unazunguka."

Wawili watatu wakacheka.

"Kule juu kuna mabwawa sitini na nne. Nimeyapima miaka kumi na moja, kwa mikono hii."

"Na yote ni mali ya chuo. Utafiti uliofanyika hapa ni wa hapa, hata aliyeufanya akiondoka. Kasome kanuni." Akakoroga chai yake taratibu. "Ungejua kuandika kama unavyojua kubeba mawe, tusingefika huku."

Thora aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Wakainamia vikombe vyao. Kila mtu alikuwa na alama zake za kuogopa.

Jumamosi aliendesha gari hadi Skelbeck. Nell Sugden, mwenye bucha na mwenyekiti wa kamati ya mafuriko ya mji, alikuwa akikata mbavu za kondoo. Hakuinua uso.

"Kumbe bado unazijua njia za huku. Nilisikia umestaafu."

"Nani kakwambia?"

Nell aliifuta mikono, akatoa barua chini ya kaunta. Ilikuwa imeshaandikwa yote, imebaki sahihi yake tu: yeye, mwenyekiti, anashuhudia kwamba Profesa Mortlake ndiye aliyeuokoa mji, akisaidiwa na mtumishi aliyekwisha kuondoka chuoni.

Thora aliisoma, akaanza kueleza. Alipomaliza kueleza yote, Nell alikuwa amekwisha kulishika shoka lake tena.

"Mtumishi!" akasema. "Siku ile ya tufani ulilala kwenye sakafu yangu ukisubiri maji, na maji yakaishia kwenye kizingiti. Huyo bwana alikuwa wapi?"

"Usitie sahihi, Nell. Sina jingine la kukuomba."

"Sitii. Lakini ametualika Alhamisi, kwenye mazoezi yao ya kupimwa, na chakula cha mchana. Mimi chakula cha bure sikikatai, kipenzi."

Alhamisi chumba cha mikutano kilijaa. Mkuu wa kitivo, Frances Hallam, aliketi kati, na kando yake Profesa Isla Geddes, mtathmini aliyeletwa kutoka Uskoti awapime kama serikali itakavyowapima. Thora alikaa karibu na mlango. Mortlake alizungumza dakika ishirini, na kila aliposema "sisi" alijigusa kifua.

"Bi Sugden," Geddes akauliza, "profesa alianzaje kazi na nyinyi?"

"Profesa gani?"

"Profesa Mortlake."

"Ndiye huyu? Mimi namwona leo kwa mara ya kwanza. Nilidhani mhudumu, nikamwagiza chai."

Mtu akakohoa. Mortlake akatabasamu kwa meno tu. "Bi Sugden anatania."

"Sitanii hata kidogo. Umeniletea maneno ya kusema na mahali pa kutia sahihi, kama vile watu wa Skelbeck hatujui kuandika. Mabwawa ni ya yule mama pale mlangoni. Mkilitoa jina lake, kamati yetu itaiandikia serikali kwamba ripoti hii hatuitambui."

Geddes alivuta ripoti karibu. Alikuwa akifunua karatasi, akirudi nyuma, akifunua tena.

"Ripoti yote imesimama juu ya makala moja ya Dakta Beckwith," akasema. "Nyinyi mmeipa nyota moja. Kanuni inataka utafiti unaobeba ripoti uwe na nyota mbili au zaidi. Kwa alama yenu wenyewe, ripoti hii imekufa. Msomaji wa pili aliipa ngapi?"

Mortlake alianza kusema siri, siri. Odette, aliyekuwa akiandika kumbukumbu kwenye kona, alijibu bila kuinua kichwa.

"Nne."

Baada ya mkutano Hallam alimwita Thora ofisini. Hakuomba radhi.

"Jina lako litarudi, na alama pia. Barua ya mkataba isahau. Mortlake ataendelea kusimamia, maana muda hautoshi kumbadilisha. Tuletee picha na vipimo Jumatatu."

"Barua iondolewe kwa maandishi. Na makala za idara nzima zisomwe upya, na mtu mwingine."

"Hilo haliwezekani."

"Vipimo vya miaka kumi na moja viko kabatini kwangu. Havitoki."

"Ni mali ya chuo!"

"Basi nishtakini. Miezi minane itawatosha?"

Hallam alimkazia macho. "Huko ni kutishana."

"Ndiyo," Thora akasema. "Nimejifunzia hapa hapa."

Makala zilisomwa upya na watu wa nje. Mortlake alivuliwa usimamizi, ila ofisi yake ilibaki pale pale, mkabala na ya Thora, na salamu ikafa kabisa kati yao. Walimu watatu walipandishwa alama. Mmoja alishuka, Alistair Quill, mtu mpole, mwenye wasichana watatu wadogo. Mortlake alikuwa amempa nyota tatu kwa urafiki, wasomaji wapya wakampa mbili, na barua ya mkataba wa kufundisha tu ikaenda kwake.

Thora alikuwa peke yake chumba cha chai Quill alipoingia, barua mkono mmoja, kikombe chake cha chai mkono wa pili.

"Ulipodai zisomwe upya," akauliza, "ulifikiri hakuna atakayeshuka?"

"Alistair, kulikuwa na uonevu. Nisingeweza kunyamaza."

"Ulinyamaza miaka yote, mpaka ulipoguswa wewe."

 Quill alimwaga chai yake kwenye sinki, akasuuza kikombe vizuri, akakipangusa, akakitia mfukoni, akaenda zake.