Ndevu za Fundi Viatu

Fundi viatu hakufuga ndevu kwa ucha Mungu. Tangu maradhi yalipomlaza mkewe kitandani, alichoka hata kushika wembe. Lakini watu wa mtaani walipoona ndevu zimemfika kifuani, wakaanza kumwita mzee, na kila jioni akitaka kufunga kibanda walimletea ugomvi wao awaamulie. Alifika nyumbani mke ameshalala, siku nzima hawajasemeshana.

Mchana mmoja akaenda kwa kinyozi.

"Nipunguze?"

"Toa zote, ndugu yangu. Zimenichosha."

Jioni wakaja mume na mke, wamenuniana. Mume akachungulia kibandani.

"Kijana, yule mzee wa ndevu yuko wapi? Tunataka atupatanishe."

"Hayupo tena."

"Huyu hawezi kutupatanisha, mdogo mno," mke akasema, akimtazama kidevu. "Twende zetu, baba watoto."

Wakaondoka pamoja. Fundi akafunga kibanda kabla jua halijazama.

Nyumbani mkewe alikuwa macho. Akampapasa shavu polepole.

"Leo umewahi," akasema, akamsogezea nafasi kitandani.