Nyota za Poti

Jumamosi jioni Naliaka alifuta meza, akaigeuza kalenda ya duka la mbolea upande wake mweupe, akamwita mumewe aje apige mistari. Lazarus alikuwa fundi wa vigae na hakuamini mstari ambao haujapimwa. Alileta pimamaji lake, akalilaza juu ya karatasi kana kwamba ile ilikuwa sakafu ya bafu la tajiri wa mtaa wa Karen. Naliaka akakata nyota kutoka kwenye ngozi ya kung'aa iliyo ndani ya pakiti za maziwa, gundi akaikoroga kwa unga wa ngano. Juu kabisa akaandika JOY kwa kalamu nyekundu. Wakaibandika chati ukutani, kimo cha macho ya mtoto, na chini yake wakaweka poti ya kijani.

"Ukikojoa hapa unapata nyota," Naliaka akamwambia binti yao. "Sawa, mama?"

Joyline, ambaye kila mtu alimwita Joy, alikuwa hajafikisha miaka mitatu. Aliitazama ile karatasi kwa makini, kisha akakaa.

Haikuwa mchezo. Shule ya chekechea iliyo karibu nao pale Mutuini ilikuwa imeshasema kwamba Januari haitapokea mtoto wa pampasi. Shosho Wamucii, bibi jirani aliyemlea Joy mchana, alikuwa akihamia kwa binti yake mwaka ukiisha. Joy asipopokelewa shule, Naliaka angelazimika kuacha kazi, na vigae vya Lazarus vilikuwa vya msimu.

Joy aliimba nyimbo zote alizozijua. Akahesabu vidole vya miguu, akakosea, akaanza upya. Hakikutoka kitu. Naliaka naye alikuwa amebanwa tangu atoke kazini. Akasema, "Kaa hapo hapo," akakimbilia choo cha pamoja cha ploti, nyuma ya kamba za nguo. Aliporudi, poti ilikuwa kavu, na Joy alikuwa amesimama kando yake katikati ya kidimbwi.

Ikawa hivyo kila jioni. Mchana nako, kwa Shosho Wamucii, mtoto alikunywa uji, akanywa maji, akakaa mkavu kama gunzi, halafu ghafla wakati wa chakula akalowesha kochi. Chati ikabaki nyeupe. Naliaka akaanza kuiota.

Alikuwa akipokea simu za wateja katika ofisi moja ya Hurlingham, ghorofa ya juu, dirisha linalotazama barabara ya Argwings Kodhek. Choo kilikuwa mwisho wa korido, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa Debra, msimamizi wa zamu. Ulitolewa mara moja kwa kila mtu, mchana. Aliyeuomba tena, jina lake lilisomwa kwenye mkutano wa asubuhi, na majina yaliyosomwa sana hayakuonekana kwenye mikataba mipya. Kwa hiyo wafanyakazi walijifunza kulowesha midomo tu badala ya kunywa. Walibana magoti chini ya meza na kuuliza kwa sauti ya asali, "Kuna jambo lingine naweza kukusaidia?"

Siri ya ile chati nyeupe, Naliaka na Lazarus waliijua kanisani. Mahubiri yalikuwa yamenoga, Joy amelala mapajani mwa baba yake, Naliaka akanyata nje kwenda haja. Aliporudi alimkuta Lazarus amekaa wima, suruali yake ya Jumapili imelowa hadi magotini.

"Umetoka choo?" Lazarus akanong'ona.

"Ee."

"Nilidhani hivyo."

Wakaimba wimbo wa mwisho. Njiani kuelekea nyumbani walikumbuka siku nyingine zilizopita, na zote zilikubaliana. Mama akienda, mtoto anakwenda. Mama akizuia, mtoto anazuia. Lazarus alisema hata maji ya ghorofa ya juu na ya chini hufuata bomba moja, na kwamba sasa kazi imekuwa rahisi.

Kweli ilikuwa rahisi. Mchana Naliaka alipokabidhiwa ufunguo, alimpigia Shosho Wamucii kabla hajafungua mlango.

"Shosho, mweke kwa poti. Naingia."

"Ameshakaa. Ingia tu, mama Joy."

Naliaka aliingia Hurlingham, na Mutuini Joy akakojoa kwenye poti. Shosho akapiga makofi. Jioni nyota ya kwanza ikabandikwa, na Joy akaibusu hadi ikakaribia kubanduka. Jioni hiyo hiyo akapata ya pili, maana Naliaka alimkalisha kwanza ndipo akakimbia nyuma ya kamba za nguo. Jumapili, siku ambayo hakuna aliyemzuia, mstari wote ulimeremeta. Majirani walikuja kuona. Shosho Wamucii aliwaeleza jinsi mambo yanavyokwenda, nao wakasema ni vizuri, mtoto amemshika mama yake.

Ila asubuhi zilianza kuwa ndefu. Simu za wateja ziliongezeka mwezi ule, na zamu ya ufunguo ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena. Siku moja Shosho alipiga simu mwenyewe, jambo ambalo hakulizoea.

"Mama Joy, mtoto analia. Tumbo limekuwa ngumu kama ngoma. Amekaa kwa poti tangu saa ile, anasema susu imekataa. Kwani wewe huendi?"

Naliaka alivua spika za masikioni, akamwendea Debra.

"Naomba ufunguo. Si wangu, ni wa mtoto."

Debra hakuinua kichwa. "Amebanwa?"

"Tangu asubuhi."

"Wangu alikuwa hivyo hivyo," Debra akasema. "Wa Maurine hapo dirishani pia. Na wale mapacha wa Kiilu, wote wawili kwa pamoja. Wanazoea. Wangu sasa yuko darasa la pili, anaweza kukaa siku mzima."

"Tumbo lake limefura, Debra."

"Pole, mpenzi. Lakini nikikupa wewe, kila mtu hapa ana mtoto." Debra alikuwa akiegemea mguu huu, kisha ule. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. "Hata mimi mwenyewe sijaenda."

Naliaka akarudi kwenye kiti chake. Alijaribu kujikojolea pale pale ili mtoto apate nafuu, lakini mwili uliofunzwa miaka yote ile ulikataa. Akaomba Mungu, akajibu simu. Ufunguo ulipomfikia, alisikia kupitia simu Joy akilia na kukojoa kwa wakati mmoja, na Shosho akisema, "Toa yote, mtoto wangu. Toa yote."

Lazarus alimpeleka Joy kliniki ya watoto kule Upper Hill, na Naliaka akawafuata baada ya zamu. Daktari alimpapasa mtoto, kisha akamgeukia mama.

"Wewe huwa unaenda mara ngapi?"

Naliaka akamwambia.

"Mtoto ni mzima," daktari akasema. "Dawa nitaandika, lakini utameza wewe. Na unywe maji, uende kila unaposikia haja."

Naliaka alimeza dawa, na Joy akapona. Kuhusu kwenda kila anaposikia, alimweleza afisa wa wafanyakazi, mama mpole aliyemkaribisha kiti. Afisa alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Akasema kanuni ya ufunguo inawahusu waajiriwa peke yao. Kampuni haijawahi kumkataza mtoto yeyote kwenda choo, na Joy yuko huru kwenda wakati wowote anaotaka. Keshoyake jina la Naliaka lilisomwa mkutanoni.

Januari chati ilikuwa imejaa, na Joy akapokelewa shule. Naliaka alimweleza mwalimu kuhusu zamu ya ufunguo ya mchana, na mwalimu, ambaye alikuwa amefundisha watoto wengi wa wafanyakazi wa mjini, akasema hiyo ataikumbuka.

Mwezi wa pili mwalimu alimpigia simu asubuhi, katikati ya kazi. Naliaka akavua spika zake.

"Kuna nini, teacher?"

"Hakuna shida, mama Joy. Nilitaka tu kukupongeza. Hawa wengine ni susu, susu, siku mzima, hata kusoma hatusomi. Lakini wako! Anabana tu miguu, ananyamaza, anangoja. Mtoto mdogo hivyo. Ulimlea aje?"

"Huwa analia?" Naliaka akauliza.

"Wiki ya kwanza alilia. Siku hizi hapana, amezoea. Nimemwambia asimame mbele ya darasa wenzake wamwone."

Naliaka alimshukuru. Ng'ambo ya chumba Debra alikuwa amesimama mguu mmoja juu ya mwingine, ufunguo kifuani. Taa ya simu ilikuwa ikiwaka. Naliaka akavaa spika zake, akabana magoti, akamwitikia mteja. Mchana ulikuwa bado.