Chumba cha Upande wa Jua

Mama mkwe wangu, Bi Leonore, hapangi likizo ya theluji kwa simu kama watu wa kawaida. Likizo yake hupangwa Novemba, nyumbani kwake Küsnacht, kando ya Zurich, mbele ya sufuria ya fondu, jibini la kuyeyushwa la kuchovyea mkate, watoto wote wakiwa mezani na sisi wakaza wana tumekaa kwa adabu. Hoteli ni ile ile aliyokwenda na marehemu mumewe. Wiki ni ile ile ya Februari, shule za Zurich zinapofungwa na mtaa mzima unahamia mlimani kwenda kuwaamkia majirani ulioachana nao jana yake. Bei haitajwi. Kutaja bei ni tabia ya watu wanaoangalia bei.

Mwenyekiti wa kikao ni mume wangu, Reto. Reto ni wakili, na kwa kuwa wateja wake hawamsikilizi, hutumia ndugu zake. Alifungua kompyuta kando ya kapu la mkate, akakohoa.

"Meza ya mchana kule kibandani nimeshaihifadhi," akasema. "Siku zote saba."

Tunakiita kibanda kwa unyenyekevu. Wahudumu wake wanavaa glavu nyeupe, na supu huletwa na mtu wa kuieleza.

"Meza gani?" akauliza Corinne, wifi yangu. "Maana mwaka jana tulikaa kivulini. Kivulini, Reto! Kama watu waliokuja na basi."

"Ya juani. Nimeongea na mwenyewe."

"Afadhali. Maximilian hawezi kivuli."

Maximilian ni bwana mpya wa Corinne, daktari wa meno kutoka Zug. Hatukuwa tumemwona bado, lakini tulikwishajua asivyoviweza: kivuli, kitunguu, na magodoro laini. Nilisema kwamba mtu wa namna hiyo angekaa tu kwao apumzike. Corinne alinicheka kwa meno ya mbele peke yake.

Kushoto kwa Corinne alikaa Nadja, mjane wa Gian, kitinda mimba wa nyumba hii. Gian alianguka ofisini mwezi wa Aprili, moyo ukasimama, kahawa ikiwa bado mkononi. Hii ilikuwa fondu yetu ya kwanza bila yeye. Yeye ndiye aliyekuwa akituchekesha, kwa hiyo tulikula tukisifia jibini kama wageni.

Reto akaanza kusoma vyumba. Mama, chumba chake cha siku zote. Sisi, karibu na lifti, kwa ajili ya goti la Reto. Kisha akashusha sauti kidogo, kama afanyavyo mahakamani akifika mahali pabaya.

"Chumba cha upande wa jua, chenye roshani, Corinne na Maximilian. Na kile kidogo cha Corinne cha nyuma tumewarudishia hoteli. Basi. Nani anataka mwalimu wa skii?"

Chumba cha roshani kilikuwa cha Gian na Nadja tangu walipooana. Nadja aliweka uma wake chini taratibu.

"Na mimi nalala wapi, shem?"

Reto akaitazama kompyuta, labda imjibie yeye.

Ni lazima ujue kwamba katika ukoo huu wiki ile ndiyo ukoo wenyewe. Mjomba Alfons alikosa chumba mwaka mmoja, kwa bahati mbaya tu, hoteli ilijaa, na mara iliyofuata kumwona ilikuwa kwenye jeneza. Nadja hana wazazi, hana mtoto. Akikosa chumba Februari, Pasaka hataitwa, na Krismasi atatumiwa kadi. Alilijua hilo vizuri kama nilivyolijua mimi.

"Mpenzi wangu," Corinne akamshika mkono, "tumekufikiria wewe kwanza kabisa. Tukasema, jamani, Nadja atawezaje? Ile roshani, zile njia za theluji alizokuwa akishuka Gian, utaumia bure. Sisi ndio tutateseka kukuona unateseka."

"Hulazimiki kujilazimisha," akaongeza Reto.

"Aliyewaambia amelazimishwa ni nani?" nikauliza.

"Mirjam, tafadhali."

"Tafadhali nini? Mtu kauliza kitanda, mnampa pole!"

Nilimpiga teke chini ya meza, bahati mbaya nikalipata lile goti.  Mama mkwe alikuwa akikoroga sufuria polepole, macho ndani ya jibini.

Akufukuzaye hakwambii toka. Wahenga waliosema hivyo hawakufika Küsnacht, lakini wangejiona wako nyumbani. Hapa mtu hufukuzwa kwa kupapaswa mkono. Nilikuwa na hasira hata mvinyo ukanichachia mdomoni.

Corinne, aliyekuwa amejaa huruma mpaka haangalii uma wake, alichovya mkate wake. Uma ukatoka mtupu.

Sote tulikiona kile kipande kikizama. Ukiangusha mkate kwenye sufuria unafanya atakalokuamuru aliye kushoto kwako, na katika nyumba hii sheria nyingine zote zina mlango wa nyuma isipokuwa hiyo. Reto mwenyewe amewahi kuzunguka bustani yenye theluji bila viatu, akiwa tayari ni wakili.

Corinne akageuka kushoto. Rangi ilimtoka.

"Haya," akasema, akijaribu kucheka. "Sema basi. Unakitaka chumba, siyo? Sema tu."

"Sikitaki chumba," akasema Nadja. "Nataka uniambie ukweli. Usiniambie nitaumia. Niangalie usoni useme, Nadja, hatukutaki. Ndiyo amri yangu."

"Ah, wewe nawe! Nani kasema hatukutaki? Tulifikiria tu kwamba…"

"Siyo hivyo. Maneno mawili tu, wifi. Sema."

"Kwa hali uliyo nayo, na sisi tunavyokupenda…"

"Sema, Corinne."

 Corinne huwarudishia wahudumu supu mara mbili bila haya, lakini hili lilimshinda. Alianza kulia, nami sikumwonea huruma hata kidogo.

"Sikutaki," akasema mama mkwe.

Hakuinua sauti. Aliuacha mwiko ndani ya sufuria akamtazama Nadja.

"Usimsumbue huyu, ni mimi niliyewaambia. Sikutaki kule. Kila ukiingia mlangoni naangalia nyuma yako, nikidhani Gian anafuata. Hata leo umeingia nikaangalia. Sitaki kuangalia wiki nzima."

 Nilitarajia Nadja ajibu kwa ukali, angekuwa na haki. Alikunja kitambaa chake cha meza, akakiweka kando ya sahani.

"Asante, mama," akasema mwishowe. "Hilo naweza kulibeba. Lile la kuhurumiwa lilikuwa linaniua."

Akainuka, akaenda ukumbini kuchukua koti lake. Tulisikia akihangaika na mkono wa koti. Reto alifunga kompyuta. Mimi nilikuwa nimeshasukuma kiti changu nyuma nimfuate, na nimwage yangu yote njiani, mama mkwe aliposimama akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Nadja!"

Nadja akatokea mlangoni, mkono mmoja ndani ya koti. Na mama, ambaye sikuwahi kumwona akilia, hata kaburini, akaangalia nyuma yake. Sote tulimwona akiangalia. Ukumbi ulikuwa mtupu.

"Usipokuja wewe," akasema, na sauti ikamkatika, "nitaangalia wapi?"

Nadja akalivua koti. Hakurudi mahali pake. Alikwenda kukaa kwenye kiti kilicho ubavuni mwa mama, ambacho tangu Aprili tumekuwa tukikizunguka kama shimo, akamshika mkono akamketisha. Walikaa hivyo bega kwa bega, wote wawili wakitazama mlango.

 Kisha Corinne akapenga kamasi.

"Sasa Maximilian atalala wapi?"

"Maximilian ana kwao," akasema mama.