Mgongo wa Mkwe

Mtandao ulishika sehemu moja tu, juu ya jabali lililo mlimani nyuma ya nyumba. Hapo ndipo daktari wa mjini angempigia Bi Mosi simu ya video saa nne. Zahanati iliwapangia hivyo kwa kuwa bibi hakuweza tena kushuka mlima. Mguu wake ulikuwa na kidonda na uvimbe, na daktari alitaka kuuona kabla ugonjwa haujaenea mwilini.

Lakini ilikuwa siku ya gulio Mlali. Wanaume wote walikuwa wameshuka na ndizi, akabaki Halidi, mwenye simu, mume wa Zuleha, binti pekee wa Bi Mosi. Alisimama nje ya ukuta, mahali anaposimama mkwe, akasikiliza.

"Mama, atakubeba mara moja tu."

"Nimlalie mgongoni mkwe wangu? Zuleha, mimba imekupanda kichwani."

"Nitakufunika kanga mbili."

"Hata kumi. Chini ya kanga ni mimi."

Zuleha alicheka, kisha akalia. Akajaribu kumbeba mwenyewe. Halidi akasikia kishindo, na mkewe akigugumia kwa maumivu. Alishika mwimo wa mlango. Akauachia.

"Basi niupige picha mguu, aipeleke."

"Mguu wangu ulale mfukoni mwa mkwe!"

"Shikamoo, mama," Halidi aliita kutoka nje. "Nitafumba macho njia nzima."

"Marahaba, baba. Ufumbe macho, utuangushe wote korongoni?" Sauti ilikuwa na kicheko, kisha ikachoka. "Nenda kamwambie daktari naumwa. Siku nisipoona haya tena, utanibeba."

Halidi alipanda mbio. Simu ikaita. Daktari Mercy alikuwa msichana mwenye miwani.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Nyumbani. Nimekuja kumsemea."

"Kidonda kina rangi gani?"

"Sijui."

"Kinanuka? Uvimbe umefika gotini?"

"Sijui, daktari. Mimi ni mkwe."

"Unaishi naye?"

"Tangu nioe. Mguu wake sijawahi kuuona."

Daktari alivua miwani, akafikicha macho. "Siwezi kumtibu nisiyemwona, kaka. Nitapiga tena Alhamisi, mtafute wa kumpandisha. Akianza kutetemeka, nipigie saa hiyohiyo. Nitaomba gari la wagonjwa lije barabarani."

Jirani yao Pazi aliporudi kutoka gulioni alikubali kumbeba hiyo Alhamisi. Bi Mosi akafurahi, akaagiza kanga yake mpya itolewe sandukuni.

Jumatano asubuhi alianza kutetemeka. Pazi alikuwa shambani, bonde la pili. Zuleha alitoka ndani, uso umemvimba kwa kulia.

"Hanijui," alisema. "Ananiita mama yake. Ingia, Halidi."

Halidi aliingia chumba ambacho hakuwahi kukikanyaga. Akachuchumaa akiwa amempa mgongo mkwewe, na Zuleha akamwegemeza mama yake hapo, akamfunga kwa ile kanga mpya. Bi Mosi hakukataa. Hilo ndilo lililomtisha Halidi.

Alikuwa mwepesi kama kikapu kilichorudi kutoka gulioni. Halidi alipanda haraka, barabara ikiwa ng'ambo ya jabali, mkewe akifuata polepole nyuma ameshika tumbo. Pumzi ya mkwewe ilikuwa moto shingoni mwake. Akawa anaisikiliza kila hatua.

"Tunafika, mama. Sijakuangalia."

Karibu na jabali shingo yake ilipata baridi. Aliendelea kupanda. Kwa muda akajiambia kuwa ni upepo tu unaomzuia kuisikia ile pumzi.

Juu akamfungua, akamlaza kwa upole, akapiga simu. Daktari Mercy alipokea papo hapo.

"Nimempandisha," Halidi alisema.

"Afadhali! Geuza kamera nimwone. Nionyeshe mguu."

Mguu ulikuwa umechomoza nje ya kanga. Halidi aliuona ukucha tu, akageuza uso upande wa bondeni, ambako Zuleha alikuwa bado anapanda. Akapapasa kwa mkono, akapata pindo la kanga, akalishusha mpaka likaufunika.

"Kaka? Mbona naona majani tu? Kaka, nionyeshe."

"Hapana, daktari," alisema. "Hapana."