Mpini wa Mti wa Kahawa

Mzee Gerson akisema amesema. Hataingia kanisani na ndevu kama za beberu, wala hatanyolewa na mtu kama mtoto mchanga. Tangu kiharusi kimguse mkono wa kulia, mashine yake ya kunyolea, ile ya chuma aliyorithi kwa baba yake, ilikuwa ikimponyoka kwa wembamba wa mpini.

"Baba yako mdogo atakupeleka madhabahuni," alimwambia binti yake.

Tabea alikataa katakata. Harusi ilikuwa yake, na baba aliyemtaka ubavuni ni huyu mkaidi.

Kazi ya Tabea ilikuwa kukereza mbao huko Sombetini, mjini: miguu ya stuli, miguu ya vitanda. Mpini mnene ungemshinda nini? Ila hakujua utashikaje kwenye mashine. Akaipeleka kwa Lengai, muuza vyuma vya zamani, mtu anayezipenda mashine hizi kupita kiasi. Lengai akaifungua vipande, akachungulia chini ya kisahani cha kubania wembe, akachekelea.

"Ona meno, kama ya kitana! Hii ni ya kale kweli, dada."

Akajaribisha kila mpini uliokuwa kwenye kopo lake. Hakuna ulioshika.

"Skrubu yake ni nene, haina mwenzake hapa. Itabidi ukate mpini wake, kipande chenye tundu ukizamishe kwenye mti. Ukikosea, basi tena."

Tabea alipanda nyumbani, juu ya Kikatiti, akamweleza baba yake.

"Kata," alisema mzee. "Mpini haujawahi kuninyoa hata siku moja."

Tabea akakata, na hakukosea. Akachukua tawi kavu la mti wa kahawa wa nyuma ya jiko, akalikereza, akazamisha humo kile kipande chenye tundu, akalipiga msasa na vanishi mpaka likang'aa. Lilipendeza, acha tu.

Asubuhi ya harusi mzee akajipaka povu, akaushika mpini. Ukateleza, tubwi, ndani ya beseni. Akaushika tena, tubwi. Fundi wetu wa vitanda alikuwa amesahau kwamba mguu wa kitanda haushikwi kwa mkono wenye sabuni.

"Mwiteni baba yake mdogo," alisema shangazi Magreth.

"Asiitwe mtu!" Tabea, kichwa kimesukwa, kucha zimepakwa rangi, alichukua tupa, akakaa kizingitini, akaikwangua vanishi yote na kuchimba mifereji kuuzunguka mpini. Kucha ikakatika. Vumbi likamjaa kwenye nywele. Wala hakujali.

Safari hii mpini ulitulia mkononi. Wembe ukapanda shavuni taratibu, ukashuka, ukapanda tena, na nyumba nzima ikamsikiliza mzee akinyoa. Alipomaliza, chini ya taya palibaki kishungi cha mvi kimesimama wima.

"Kaka, lete nikumalizie hapo," shangazi alinyoosha mkono.

"Ameshamaliza, shangazi," alisema Tabea, akaingia ndani kuvaa gauni.

Kanisani Mzee Gerson aliinua kidevu juu kabisa, watu waone alivyotakata. Hata wa viti vya nyuma walikiona kile kishungi. Tabea, mkono wake umefumbatwa na wa baba yake, alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

"Unacheka nini?" mzee aliuliza, kwa sauti iliyofika mpaka kwaya. "Kwani sijapendeza?"

"Umependeza, Baba," alisema. "Umependeza mno."